Visa vya Warusi, na baba aliyetaka kunisimulia



Ndugu wasomaji, huenda baadhi yenu mtashangaa kumuona mwalimu wa madrasa akiandika habari za hadithi za Warusi. Hata mimi nimejishangaa. Ilianza siku niliyomnyang'anya kitabu mwanafunzi wangu wa darasa la juu, binti wa miaka 16, aliyekuwa akikisoma chini ya meza wakati wa somo la fiqhi. Kilikuwa cha Kifaransa, wamepewa shuleni: hadithi fupi za Anton Chekhov. Nikamwambia atakipata Ijumaa. Kifaransa changu mimi ni cha sokoni, lakini jina nililijua, kwa sababu tangu nilipokuwa nasoma Khartoum ninacho kitabu cha mwandishi huyo huyo kwa Kiarabu, nilichonunua kwa bei ya chai na sikuwahi kukifungua. Usiku ule nikakifungua, nijue ni upuuzi gani huo unaomvutia mtoto kuliko fiqhi.

Kisa nilichoangukia ni kifupi, kurasa chache tu. Kilitoka mwaka 1886, Chekhov akiwa daktari kijana wa miaka 26 hivi. Jina lake ni kama kusema Huzuni, ingawa waliotafsiri wanasema neno la Kirusi ni zito zaidi. Kuna mzee anaitwa Iona Potapov, anabeba abiria kwa gari la farasi katika mji wa St. Petersburg, theluji inaanguka, jioni imeingia. Mwanawe amefariki wiki hiyo hiyo. Anapanda afisa wa jeshi, Iona anageuka na kumwambia kuwa mwanawe amekufa. Afisa anauliza amekufa na nini, anajibiwa ni homa, kisha anafumba macho, hataki tena kusikia. Wanapanda vijana watatu walevi, mmoja ana kibyongo. Iona anawaambia pia. Yule mwenye kibyongo anamjibu kwamba sote tutakufa, na amwendeshe farasi haraka. Usiku, kwenye malazi ya madereva, anajaribu kumwambia kijana mwenzake aliyeamka kunywa maji. Kijana ameshajifunika, amelala. Mwisho mzee anatoka kwenda zizini, anamsimulia farasi wake kila kitu, na farasi anatafuna majani.

Basi. Msimulizi hasemi kwamba watu wale ni wabaya. Halii, wala hatuambii sisi tulie. Anahesabu tu: huyu alisikia kidogo, huyu hakusikia, huyu alilala.

Juu kabisa ya kisa Chekhov ameweka mstari mmoja ambao nilidhani ni wa kwake. Kumbe umetoka katika wimbo wa zamani wa dini wa Warusi, maombolezo ya Nabii Yusuf alipouzwa na ndugu zake, anauliza amwambie nani huzuni yake. Nilipojua hilo nilishituka. Sisi tunaisomesha Surat Yusuf kila mwaka, tunafika mahali ambapo Nabii Ya'qub (a.s.) analaumiwa na wanawe kwa kutoacha kumtaja Yusuf, naye anawaambia kwamba mashitaka yake anayapeleka kwa Allah. Siku zote nimekuwa nikiwafundisha watoto subira ya Ya'qub. Wale waliokuwa wamekaa naye nyumba moja na hawakutaka kumsikia, nilikuwa nawapita haraka haraka.

Sasa niseme kwa nini sikulala usiku ule. Wiki tatu nyuma, baba mmoja wa mtaani kwetu hapa Buyenzi alinijia baada ya Swala ya Alasiri. Mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa Juzuu Amma, alikuwa amefariki kwa malaria. Mimi nilikuwa nimeshahudhuria mazishi, nimeshaongoza dua, nikaona haki yake nimeitimiza. Akaanza: "Ustadh, ile Jumanne asubuhi mtoto aliamka vizuri tu..." Nilikuwa na darasa linanisubiri. Nikamshika bega nikamwambia, "Subira, ndugu yangu. Sote ni wa njia hiyo hiyo." Akaitikia, "Ni kweli, Ustadh," akaenda zake.

Nilichosema kilikuwa kweli. Lakini yule mwenye kibyongo naye alisema kweli, na maneno yetu yalikuwa karibu sawasawa. Mimi niliyatoa kwa upole na nimevaa kanzu, hiyo ndiyo tofauti. Nilitumia neno la dini kufunga mdomo wa mtu aliyefiwa. Mtume wetu (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba, nami sikuweza kumpa Muislamu mwenzangu dakika kumi.

Baada ya hapo nilitafuta visa vingine vya Warusi, na sisemi vyote ni vya kusomesha watoto. Ulevi umo mwingi. Tolstoy ndiye atakayewapendeza wahubiri. Mwaka huo huo wa 1886 aliandika kisa cha mkulima Pahom, anayeahidiwa na Wabashkiri, kwa rubli 1,000, ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu siku moja, mradi arudi alipoanzia kabla jua halijazama. Anatamani zaidi na zaidi, anakimbia, anafika na kuanguka amekufa, anachimbiwa shimo la urefu wake. Ukisoma unaiona hadithi ya mwanadamu mwenye bonde la dhahabu anayetaka la pili. (Wabashkiri wenyewe ni Waislamu, na Tolstoy aliwahi kwenda kukaa kwao nyikani akinywa maziwa yao ya farasi kwa ajili ya afya.) Lakini hapo msimulizi anajua mwisho tangu mwanzo na anakuongoza mkono. Nilikipenda, nikakimaliza, nikalala usingizi mzuri. Pahom ni mtu mwingine, mwenye tamaa. Mimi sina hata shamba.

Na tafadhali, ule ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba Tolstoy alisilimu, tuuache. Alisoma lugha za mashariki Kazan ujanani, mwaka 1904 Sheikh Muhammad Abduh wa Misri alimwandikia barua naye akajibu, na aliusifu Uislamu katika mambo mengi. Kusilimu hakuna ushahidi. Kwa mwenye haki yake tusiongeze kitu.

Pushkin alinichekesha. Visa vyake vya mwaka 1831 anasema si vyake, ni vya marehemu Belkin, na Belkin naye kila kisa alikisikia kwa mtu, huyu kwa afisa, huyu kwa bibi fulani. Nikasema, huyu ametuwekea isnadi! Isnadi ya mchezo, maana Belkin mwenyewe hakuwahi kuwepo.

Kisa kingine cha Chekhov, cha mwaka 1898, kinahusu matunda fulani madogo machachu. Mzee Ivan Ivanych anawasimulia rafiki zake wawili habari za nduguye aliyejinyima maisha yote apate shamba, kisha anawahubiria kwa uchungu wasilale wakati watu wanateseka. Wasikilizaji wamechoka, walitamani hadithi ya watu wazuri zaidi. Wanakwenda kulala. Yeye anajifunika hadi kichwani, na rafiki yake anakosa usingizi kwa sababu ya harufu ya kiko chake. Nimetoa darsa miaka kumi na minane, na picha hiyo ya msikitini naijua.

Ijumaa nilimrudishia binti kitabu chake, nikawasimulia darasa zima kisa cha Iona. Yeye akauliza, "Ustadh, si alikuwa na Mungu wake? Kwa nini hakumwomba, mpaka akamwambie farasi?" Nikaanza kutafuta jibu. Mvulana wa nyuma, asiyesema sana, akanitangulia: "Labda aliomba. Labda wale abiria ndio waliotumwa, wakakataa." Sikuongeza neno juu yake.

Jumamosi nikaenda kwa yule baba. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, akadhani nimekuja kwa ajili ya ada ya mtoto wake mwingine, akaanza kuomba radhi. Nikakaa. Nikamwambia, "Siku ile ulikuwa unaniambia habari za Jumanne asubuhi."

Akaniangalia kidogo. Kisha akaanza pale pale alipoachia: mtoto aliamka vizuri tu, akataka chapati, akamuuliza kama Ijumaa atavaa kanzu mpya. Tuliinuka ilipoadhiniwa Magharibi, na alikuwa bado hajafika Jumatano.

Wabillahi tawfiq.