Wembe wa Babu

Ukitaja kunoa hapa Kapkatet, watu hufikiria kisu cha kupogolea chai. Michai hupogolewa kila baada ya miaka 3 au 4, na msimu huo ukifika utasikia mawe yakilia boma hadi boma. Kisu husukumwa makali mbele, kana kwamba unataka kulikata jiwe lenyewe.

Wembe ni jambo lingine kabisa. Nasema wembe ule wa kukunja, si hizi nyembe za dukani zinazofungwa kwa karatasi. Wa babu umeandikwa Sheffield, Uingereza. Zamani aliwanyolea wazee wenzake siku ya soko, wote kwa wembe huo mmoja. Kisha UKIMWI ukaja. Kisa cha kwanza kiliripotiwa Kenya mwaka 1984, na baadaye watu wakafunzwa kwamba wembe hauazimwi. Babu akaacha. Tangu hapo wembe ule unajua kidevu kimoja tu, na sasa mikono ya mwenyewe inatetemeka. Likizo ya Aprili akaniita.

"Wewe una macho na una mkono. Utaninyoa kila Jumamosi. Lakini kwanza ujue ukanda."

Ukanda ni ngozi ya ng'ombe, upana wa vidole vinne hivi. Ncha moja hufungwa kwenye nguzo, ya pili unaivuta mpaka ngozi ikazane. Wembe unaulaza bapa, mgongo na makali vyote vikigusa ngozi, halafu unaenda mgongo ukitangulia. Kinyume cha kisu! Ukifika mwisho unaupindua juu ya mgongo wake, ndipo unarudi. Ukiupindua juu ya makali, umeikata ngozi. Ukanda wa babu una kovu refu. Ati ni kazi ya baba alipokuwa na umri kama wangu. (Baba hapendi habari hiyo.)

Kazi ngumu ni kuzuia nguvu. Mkono uliozoea jiwe hutaka kukandamiza. Babu hakutazama hata, alisikiliza tu.

"Wee kijana, unanoa ama unalima?"

Makali ya wembe ni membamba mno, hata ndevu huyapinda kwa namna ambayo jicho halioni. Ukanda haumegi chuma kama jiwe. Kazi yake kubwa ni kuyanyoosha. Ukikandamiza, ngozi inabonyea, makali yanakuwa butu, na wembe butu ndio hukwaruza shingo ya mzee.

Mvua ya kwetu nayo haina huruma. Tone moja likisahauliwa, kutu huanza. Kwa hiyo nikimaliza naukausha, naupaka mafuta kidogo, naurudisha mkebeni. Jiwe laini huhitajika mara chache sana kwa mwaka, na hilo babu hajaniachia bado.

Jumamosi iliyopita nilipiga mara 40, polepole. Babu akajaribu wembe kwenye malaika ya mkono wake, akanirudishia bila neno. Kisha akaegemea kiti, akainua kidevu, akafumba macho.