Nimefika Namasagali

Nyumbani kwetu Mombasa, mtoto akitumwa dukani akachelewa hakuulizwa alikuwa wapi. Aliulizwa, "Ulikwenda Namasagali?" Neno hilo lililetwa na babu, aliyekuwa gadi wa reli miaka ya 1950 na kuwekwa Jinja kwa muda. Alivyosimulia yeye, treni ikitoka Jinja kuelekea kaskazini hufika mahali reli inapokatika ghafla mbele ya maji. Hapo abiria wote hushuka, wakaingia stima. Mimi mtoto wa Kenya nilijua stima ni umeme, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimwonea huruma kila abiria wa Namasagali.

Nilidhani jina lenyewe ni la kutunga tu, hadi nilipoliona kwenye ramani chakavu ya shule, limeandikwa kwa herufi ndogo kando ya Mto Nile, na mstari wa reli ukiishia papo hapo. Miaka thelathini ikapita kabla sijapanda basi kwenda kupaona.

Jinja nililala usiku mmoja. Asubuhi nikaingia takisi ya Kamuli, yaani kile sisi tunachokiita matatu, nikabanwa kati ya dirisha na mama mmoja aliyepakata kuku wawili. Kwa Kiingereza cha kuchanganya aliniuliza naenda kufanya nini huko. Nikamwambia, kuangalia stesheni ya treni.

"Siku hizi kuna treni?"

"Hakuna."

Akanyamaza mpaka Buwenge. Hapo akawageukia abiria wa nyuma, akawaeleza jambo kwa Kiganda, na katikati ya kicheko chao nikanasa maneno mawili: eggaali y'omukka. Gari la moshi! Nikacheka nao. Treni yenyewe haipo, lakini jina lake bado linapanda matatu.

Kamuli nilikula roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya, nikapatana bei na kijana wa boda boda. Zaidi ya kilomita ishirini za barabara ya vumbi jekundu, miwa huku na huku. Kila lori la miwa lilipotupita tulifumba macho wote wawili, dereva na mimi, jambo ambalo sikulifurahia hata kidogo.

Ukitaka kujua kwa nini mtu alijenga stesheni mahali pale, anza na mto. Enzi hizo Nile ikitoka Ziwa Viktoria pale Jinja ilikuwa na hasira: maporomoko juu ya maporomoko, na chombo cha maana hakikuweza kupita. Kisha hutulia. Kuanzia pande za Kakindu na Namasagali hujitandaza, polepole, mpaka Ziwa Kyoga na kuendelea hadi Masindi Port, kabla ya kuchachamaa tena huko Karuma. Winston Churchill alipita njia hiyo mwaka 1907. Kutoka Jinja alitembea kwa miguu hadi mto ulipopitika, akaingia mtumbwini, na aliporudi kwao akaandika kwamba lazima ijengwe reli ya kuunganisha Ziwa Viktoria na Ziwa Albert. Walichojenga Waingereza ni kipande tu, Reli ya Busoga, kama maili 60, iliyofunguliwa mwaka 1912. Ilikuwa reli ya kuyakwepa maporomoko basi, haikuwa na makuu zaidi ya hayo.

Mzigo wake ulikuwa pamba. Robota lililofungwa upande wa pili wa Kyoga lilipakiwa kwenye tishari, likakokotwa hadi Namasagali, likapandishwa behewani mpaka Jinja, likateremshwa na kutiwa melini kuvuka Ziwa Viktoria hadi Kisumu, likarudishwa behewani mpaka Mombasa, na hapo likangoja meli ya Uingereza. Hesabu ni mara ngapi lilibebwa mgongoni. Nikisikia watu wakisema reli iliwaondolea Waafrika uchukuzi wa mabegani, huwa nalikumbuka robota hilo.

Boda ilisimama chini ya mwembe. "Ndiyo hapa," akasema kijana, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Sikuona stesheni. Niliona shule. Mwaka 1965 majengo ya reli yaligeuzwa kuwa shule ya sekondari, na tangu 1967 hadi 2000 mwalimu mkuu alikuwa Padre Damian Grimes, Mwingereza wa shirika la Mill Hill, aliyeifanya Namasagali ijulikane Uganda nzima kwa ngoma na maigizo. Mganda wa rika langu ukimtajia Namasagali atakuambia habari za dansi. Treni haimjii kabisa. Baadaye Chuo Kikuu cha Busitema nacho kikafungua kampasi hapo. Nilikuja na huzuni yangu tayari mfukoni, huzuni ya magofu, nikakosa pa kuiweka: wanafunzi walikuwa wameanika sare zao kwenye kamba, na redio ilikuwa inaimba.

Ni mzee mmoja aliyenionyesha reli ilipo. Alinikuta nimeinama nikipapasa majani kwa mguu, akanisalimia kwa Kiswahili cha kambini. "Wewe natafuta nini, bwana?" Nilipomwambia, alifurahi kama mtu aliyeletewa barua. Alikuwa mtoto, akasema, anakuja hapa na sinia ya ndizi kichwani. "Treni nakuja na watu mingi. Wahindi, wazungu, maaskari. Mimi nauza ndizi yote." Akanipeleka kwenye nyumba ya jirani yake. Kizingiti cha banda la mbuzi kilikuwa taruma la chuma, limelazwa kifudifudi, mashimo ya kufungia reli yakiwa bado wazi na mchwa wamejenga ndani yake. Nililishika. Lilikuwa la moto kwa jua, na upande mmoja lilikuwa limeng'aa, si kwa magurudumu bali kwa kukanyagwa na mbuzi.

Wakati huohuo kengele ikalia upande wa shule ya msingi: kipande cha reli kimetundikwa kwenye tawi, mtoto anakigonga kwa boliti. Mlio wake ulikuwa mkavu na mrefu. Mzee akasimama kidogo kuusikiliza, nami nikasimama.

Kisha tukateremka majini. Gati limeliwa. Zimebaki nguzo za chuma zilizoinama, na katikati yake magugu maji ya kijani yamejaa hata ndege mweupe anatembea juu yake bila wasiwasi. Mafunjo yamefunga upande mmoja. Mto wenyewe ni mpana, na hauharakishi kitu.

Hapa ndipo nilipoona kwamba babu, aliyeifanya Namasagali mwisho wa safari, alinidanganya, au labda alisimulia kutoka alipokuwa amekaa yeye, kwenye behewa la mwisho. Kwa gadi, reli ikiisha safari imekwisha; anakunja bendera yake, analala, kesho anarudi Jinja. Abiria wake hawakuwa wamefika popote. Walikuwa wanaingia stima kwenda Masindi Port, kutoka hapo kwa gari hadi Masindi na Butiaba, kisha stima nyingine ya Ziwa Albert hadi Nimule, gari tena hadi Juba, halafu Nile yote ya Sudan mpaka Khartoum, na mwenye nguvu aendelee Cairo. Kwa mtu wa safari hiyo, Namasagali ilikuwa mahali pa kunywea chai.

Iliuawa kidogo kidogo. Mwaka 1928 reli ya kutoka Nakuru ilifika Mbulamuti ikaungana na hii ya Busoga. Mwaka uliofuata nyingine ikafika Soroti, na pamba ya Teso ikapata njia isiyohitaji tishari. Mwaka 1931 treni ikavuka Nile kwa daraja la Jinja hadi Kampala. Namasagali ikabaki pembeni, ikijikongoja. Kisha zikaja mvua za 1961 na 1962. Maziwa yakafura, magati ya Kyoga yakazama, na hakuna aliyeona faida ya kuyajenga upya. Mzee alinionyesha kwa mkono maji yalipofika: kiunoni, halafu akabadilisha mawazo, kifuani.

Nikampigia mama simu.

"Uko wapi?"

"Namasagali."

"Nakuuliza kwa heri, uko wapi?"

Nikageuza simu ili asikie maji, ingawa mto huo hauna sauti. Alichosikia ni mwenye mtumbwi aliyekuwa akiniita kutoka kwenye mafunjo, abiria watatu na baiskeli mbili wakiwa wamekwisha kaa, akitaka kujua kama navuka upande wa Kayunga au nawachelewesha tu.