Nusu ya udongo, nusu ya nyuki

Juma hili tunaongea juu ya ua ambalo kila mmoja wetu hulipita njiani bila hata kuligeukia. Ni lile la njano, lenye sura ya alizeti ndogo, linaloota kandokando ya barabara na kwenye nyua hapa Butembo hadi kule Beni. Wakulima wengi huliita titonia. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na lililetwa Afrika liwe pambo tu.

Kwetu halikuanza kama pambo. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 upande wa Beni, mama wengi wameacha mashamba yao ya mbali. Zamani shamba likichoka, tulililaza miaka miwili au mitatu tukafungua jingine. Leo nani atafungua shamba jipya msituni? Kipande cha nyuma ya nyumba ndicho kinacholisha watoto. Tunakilima Machi, tunakilima tena Septemba, bila pumziko. Udongo umekuwa mwepesi kama majivu, na maharagi yanatoka manjano.

Mama mmoja aliyekimbia vita, ambaye sasa tuko naye kwenye muso yetu, ndiye aliyetuonyesha. Alikata matawi mabichi ya titonia, akayakatakata kwa panga, akayafukia, akangoja kama juma moja, kisha akapanda. Tulimcheka kidogo. Maharagi yake yalipotoka na rangi ya kijani iliyokolea, kicheko kiliisha.

Baadaye tulijifunza kwamba watafiti wa magharibi mwa Kenya walilipima jani hili miaka ya 1990. Katika kilo 100 za majani makavu walikuta karibu kilo 3 na nusu za nitrojeni, karibu kilo 4 za potasi, na fosforo isiyofika nusu kilo. Tena huoza upesi, ndiyo maana mmea hupata chakula mapema.

Sasa tuwaambie kosa letu. Msimu uliofuata tulishikwa na tamaa. Jani hufaa zaidi kabla ua halijachanua, maana baada ya hapo shina huwa gumu. Basi tulikata ukingo wote, hatukuacha hata tawi moja. Maharagi yalistawi. Lakini maboga yalitupa huzuni: vitunda vilitokea, vikageuka manjano, vikadondoka. Tulilaumu mbegu, tukalaumu mvua, na wengine wakaanza kunong'ona juu ya kijicho cha jirani.

Mama yule akatuuliza, «Na nyuki wako wapi?»

Tulinyamaza. Haragi hujichavusha lenyewe, na hindi huchavushwa na upepo. Boga si hivyo. Lina maua dume na maua jike, yanafunguka asubuhi na kufunga kabla ya saa sita. Asipopita nyuki kubeba unga wa njano kutoka dume hadi jike, kitunda hufa. Nasi tulikuwa tumefyeka maua yaliyokuwa yanawavuta nyuki bustanini.

Tangu hapo tuna sheria moja: nusu ya ukingo ni ya udongo, nusu ni ya nyuki. Nusu ya kwanza tunaikata kabla haijachanua. Ya pili tunaiacha ichanue, na msimu ujao tunabadilishana. Sasa asubuhi unasikia mvumo ukiwa bado unasukutua mdomo, na maboga yanashika.

Kwa mama anayetaka kuanza:

Usinunue mbegu. Kata vijiti vya shina lililokomaa, urefu wa sentimeta 20 hadi 40, uvichomeke kwa mshazari mvua inapoanza. Panda kwenye ukingo, si katikati ya maharagi, maana titonia hunyang'anya nafasi.

Kwa kila meta moja ya mraba weka kilo 2 hadi 3 za majani mabichi. Ni mengi, kwa hiyo anza na mashimo ya maboga na tuta la lengalenga. Usijaribu shamba zima.

Maua yakinyauka, yakate kabla mbegu hazijakauka. Ukizembea, titonia itaingia kwa jirani, na huo utakuwa ugomvi mwingine.

Kama lazima upulizie dawa ya wadudu, fanya hivyo jioni, nyuki wakiwa wamerudi kwao.

Pia tusidanganyane. Titonia si jamii ya maharagi na haitengenezi mbolea kutoka hewani. Huvuta chakula pale ilipo, nasi tunakihamisha. Ukikata kila mara bila kurudisha kitu, ukingo wenyewe utachoka. Fosforo yake ni kidogo, kwa hiyo samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni bado vinahitajika. Tunavimwaga ukingoni pia, chini ya titonia yenyewe.

Mama aliyetufundisha anaishi katika nyumba ya kupanga. Amepanda vijiti sita kando ya choo, mahali pekee alipopewa. Tulipomwuliza kwa nini ahangaike kwenye kiwanja cha mtu, alijibu kwamba siku amani itakaporudi atavikata, avifunge kwa kamba, na kwenda navyo kwake. Shamba lake limelala miaka mingi, lakini anajua magugu yamelikula, na hataki kufika mikono mitupu.

Jumamosi hii tunakata nusu ya ukingo wa bustani ya chama. Vijiti ni bure kwa kila mama, na mama waliokimbia vita watachukua kwanza. Njoo na panga na gunia, tena uje mapema, kabla jua halijawa kali.