Bei ya sauti: pesa ziende wapi?

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata, niongee juu ya swali ambalo naulizwa na kila mtu anayeingia kwangu na kuona spika zilizo kubwa kuliko meza ya chakula. Je, vile vyombo vya muziki vya mamia ya maelfu ya shilingi vina sauti bora kweli, au tunalipia majina? Jibu langu fupi ni hili: spika, ndiyo, mpaka kiasi fulani. Chumba, ndiyo kabisa. Amplifaya na waya, kwa kawaida hapana. Jibu refu linafuata, na nitajitahidi nisikuchoshe.

Sisi tunaoandika programu tuna mazoea mamoja mazuri. Programu ikiwa nzito, huanzi kubadilisha kila mstari kwa kubahatisha. Unapima kwanza ujue muda unapotelea wapi, na mara nyingi unakuta kijisehemu kimoja ndicho kinachokula karibu muda wote. Sauti nayo ni mnyororo: kuna rekodi yenyewe, kifaa kinachogeuza namba za dijitali kuwa umeme, amplifaya, waya, spika, chumba, halafu sikio lako. Kila pingu ina makosa yake, ila makosa hayo hayalingani hata kidogo. Kile kidude cha Apple cha dola 9, kinachochomekwa kwenye simu ili uweze kutumia vipokea sauti vya masikioni, kikipimwa kwa mitambo makosa yake yako chini mno, sikio haliyafikii. Spika nayo, hata iliyo nzuri, hupanda na kushuka kwa desibeli kadhaa kutoka noti moja hadi nyingine. Na chumba? Kwenye besi, chumba kinaweza kupandisha noti moja kwa desibeli 10 na kuifuta nyingine kabisa. Sasa niambie wewe mwenyewe pesa zako utaanza kuzipeleka wapi.

Tuanze na waya, kwa maana hapo ndipo hesabu ni rahisi. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, unene ule ule ambao mafundi wa umeme hutumia kwenye soketi za nyumba zetu. Mita 3 kwenda kwenye spika na mita 3 kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.04. Spika yako ni omu 8. Piga hesabu: unapoteza desibeli 0.04 hivi. Hakuna sikio la binadamu linalotambua hilo, na popo naye angekuwa na mashaka. Mwaka wa 2007 James Randi, yule mwanamazingaombwe wa Marekani aliyekuwa na zawadi ya dola milioni 1 kwa yeyote atakayethibitisha maajabu, aliiweka zawadi hiyo mezani kwa mtu atakayeweza kutofautisha kwa kusikia tu waya za spika za Pear Anjou, zilizouzwa kwa dola 7,250, na waya za kawaida za dukani. Maneno yalikuwa mengi, jaribio halikufanyika, na pesa zake zikabaki.

Kwenye amplifaya mambo yana utata kidogo. Januari 1987 gazeti la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio ambalo bado linawakera watu. Walichukua amplifaya kadhaa, kuanzia ya Pioneer ya dola 220 hivi mpaka mitambo ya vali ya dola 12,000, wakasawazisha ukubwa wa sauti, wakaficha majina, wakawaita wasikilizaji, wakiwemo walioamini kabisa kwamba tofauti ni kubwa. Majibu yao yalikuwa sawa na kurusha sarafu. Angalia masharti lakini. Amplifaya isiwe imesukumwa kupita nguvu zake, na isiwe ya aina inayobadilisha sauti kwa makusudi, kama zilivyo baadhi ya zile za vali. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kujaza ukumbi itakwaruza, na hapo hata mtoto atasikia.

Sasa hebu niwaeleze kilichotokea nyumbani kwa mjomba wangu, maana bila hicho haya yote ni nadharia. Mjomba ni mwalimu mstaafu, anaishi Nakuru, na mapenzi yake ni benga ya D.O. Misiani na rumba ya Franco. Alipopata kiinua mgongo chake aliingia duka moja jijini Nairobi (sitalitaja) akaonyeshwa amplifaya ya shilingi 380,000, pamoja na waya za 45,000 za "kuikamilisha". Muuzaji alikuwa mwungwana kwa jambo moja: alimruhusu aende nayo nyumbani wikendi ili aisikilize. Mjomba akanipigia simu. "Mpwa wangu, hii ni kama pazia limeondolewa. Nasikia mpaka vidole vya mpiga gita." Amplifaya yake ya zamani aliinunua mtumba kwa 14,000.

Nilipanda matatu Jumamosi asubuhi nikiwa na mita ya umeme mkobani. Kitu cha kwanza nilichokuta ni kwamba ile mpya ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ya juu zaidi. Ndugu msomaji, hili ni muhimu kuliko yote utakayosoma hapa. Vyombo viwili vikiwa sawa kabisa na kimoja kikapandishwa kidogo, tuseme desibeli 1, hutasema "hiki kina sauti kubwa". Utasema "hiki kina uhai, hiki kinaeleweka". Wauzaji wazoefu wanalijua hilo vizuri sana. Kwa hiyo nilicheza mlio mmoja usiobadilika, nikapima volti kwenye spika kwa kila amplifaya, nikazisawazisha hadi tofauti ikawa chini ya asilimia 1. Tukavifunika vyombo kwa shuka. Binamu yangu akakaa nyuma ya shuka na sarafu: kichwa, amplifaya mpya, mkia, ya zamani. Alikatazwa kusema neno wala kukohoa. Mjomba kazi yake ilikuwa kuandika kwenye daftari, kama mtihani, jambo ambalo kwake lilikuwa kinyume cha miaka 35 ya kazi.

Mara 20. Alipata 11. Akasema nyimbo nilizochagua hazifai, na ilikuwa haki yake kusema hivyo. Akachagua zake mwenyewe, rumba anayoijua tangu ujana. Mara 20 nyingine. Akapata 9. Ishirini kati ya arobaini.

Alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Sasa lile pazia nililolisikia lilitoka wapi?" Sikutaka kumwambia kwamba alijidanganya, kwa sababu si hivyo. Alisikia kweli. Mwaka wa 1994 watafiti wa Harman, kampuni ya spika, waliwapa wafanyakazi wao 40 spika wazisikilize, mara zikiwa wazi, mara zikiwa zimefichwa. Zilipoonekana, alama zilibadilika: kubwa na za ghali zilipanda, ile ya plastiki ya bei nafuu ikashuka. Hawa walikuwa watu wanaotengeneza spika! Ubongo hauna mlango mmoja wa sauti na mwingine wa bei. Kinachofika mwisho ni mchanganyiko.

Hata wataalamu wa santuri wamepitia haya. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa ikisifiwa kwa santuri zake ghali, zingine dola 125 moja, na wapenzi wake walisema ndizo ushahidi kwamba muziki ambao haujaguswa na dijitali una joto lake. Julai 2022 ikafichuka kwamba kwa zaidi ya miaka 10 nyingi kati ya santuri hizo zilikuwa zimepitia hatua ya dijitali. Kesi zikafunguliwa, na kampuni ikakubali suluhu ya dola milioni 25. Wateja waliuziwa kitu ambacho sicho, na hilo ni kosa la kweli. Ila masikio yaliyoapa kwamba yanatambua dijitali mara moja yalikuwa yakiifurahia miaka yote hiyo. Na mapema kabla ya hapo, mwaka wa 2007, Meyer na Moran walikuwa wamechapisha jaribio ambapo rekodi za daraja la juu zilipitishwa kwenye kiwango cha kawaida cha CD, biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na wasikilizaji waambie ipi ni ipi. Majibu sahihi: 276 kati ya 554. Sarafu tena.

Turudi sebuleni, kwa sababu kazi ya maana ilifanyika alasiri. Sebule ya mjomba ni ya mita 4 kwa 3, kuta za mawe, sakafu ya vigae, dirisha moja kubwa. Chumba cha urefu huo huvuma kwenye hezi 43 hivi (gawanya kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, kwa urefu mara mbili). Noti hiyo iko karibu kabisa na noti za chini za gita la besi. Na kiti cha mjomba kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyuma, mahali ambapo mvumo huo una nguvu kuliko popote! Tulikisogeza mbele kwa mita moja na ushee, spika tukazitoa kwenye pembe, tukatandika zulia zito la chumbani kwake. Gharama ilikuwa jasho tu, pamoja na malalamiko ya shangazi, ambaye aliuliza kama sasa wageni watakaa juu ya spika. Hapo hatukuhitaji sarafu. Gita la besi lililokuwa likinguruma kama lori likaanza kupiga noti, moja baada ya nyingine.

Amplifaya ilirudishwa dukani Jumatatu. Mjomba alitumia 60,000 kununua jozi ya spika kubwa za mtumba kutoka Uingereza, na hizo zilistahili. Sehemu kubwa ya zilizobaki iko zizini, inatoa maziwa.

Sisemi vyombo vya ghali ni utapeli. Amplifaya nzito iliyotengenezwa vizuri inaweza kudumu miaka 30, fundi anaweza kuifungua na kuikarabati, na kisu chake cha sauti kinazunguka kwa raha. Anayetaka kulipia hayo na anajua analipia nini, mimi nani nimzuie? Nina saa ya mkononi inayoonyesha wakati ule ule na wa simu yangu. Ninachopinga ni muuzaji kumwambia mstaafu kwamba tofauti iko kwenye sauti, huku akikataa vyombo visifunikwe.

Mwenye tarakilishi anaweza kujaribu leo bila kununua chochote. Programu ya foobar2000 ni ya bure, na ina kiongezo cha ABX kinachoficha majina ya faili na kukuhesabia alama. Chukua wimbo unaoupenda kutoka kwenye CD, utengenezee nakala ya MP3 ya kilobiti 320, kisha jaribu kuzitofautisha mara 20. Anayebahatisha hupata 15 au zaidi kama mara 2 tu katika majaribio 100. Ukizipata hizo 15, rudia kesho ukiwa umepumzika, na ukizipata tena, nitumie jina la wimbo. Nataka kuusikia.