Taa au Daftari

Riwaya yangu imekwama sura ya tisa, na usicheke nikikwambia kisa ni umeme. Juzi mama alinipa hela nikanunue LUKU. Dukani, hapa Mbagala, nikakuta kauntabuku imepanda bei tena.

“Viwandani umeme ghali, mdogo wangu,” muuzaji akanijibu, kama vile nimemtukana.

Nikadhani ananizuga. Kumbe karatasi inakula umeme hasa: magogo yakatwe, rojo lisukumwe, mashine zizunguke usiku na mchana. Viwanda vingine huchoma yale maji meusi yanayobaki baada ya kupika magogo, vikapata umeme wao wenyewe. Hata hivyo bili haikwepeki. Kule Webuye, Kenya, kiwanda cha Pan Paper kilikatiwa umeme mwaka 2009 kwa deni. Mitambo ikalala, na mji uliokula kwa mkono wa kiwanda ukalala nao njaa. Mnunuzi alipatikana 2016, miaka saba baadaye!

Nikanunua uniti. Mama asingenielewa.

Sasa naandika nyuma ya karatasi za mitihani ya mdogo wangu. Shujaa wangu anakufa kwenye Hisabati, alama kumi na mbili.