Ukikuta Mchezo Umeshaanza

Kilosa, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hajambo, bibi yako miguu inamsumbua kidogo lakini anakwenda shamba kama kawaida, na mahindi ya bondeni yanaendelea kuvumilia jua.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini wazee wa hapo Mikumi walinyamaza uliposogelea bao lao na kuwasalimia kwa kuwapa mkono mmoja mmoja. Pili, utaingiaje kwenye meza ya karata, ile ya ishirini na moja, mtakapokwenda Dar es Salaam mwisho wa mwezi na wenzako wa kazini. Bao nimelicheza tangu utoto, na karata nimezigawa kasino miaka mingi kabla ya kurudi huku, kwa hiyo nayajibu yote mawili kwa pamoja. Kila unapokuta watu wamo mchezoni, jiulize kwanza: kuingia kwangu kutaharibu nini?

Kwenye bao kinachoharibika ni hesabu. Mchezaji ana ubao wa mashimo 32 mbele yake na kete 64 za wote wawili, hakuna kilichofichwa na hakuna bahati ya kumwokoa. Alichonacho ni kile anachokiona kichwani: kete hii nikiitia hapa nitakula pale, nitazunguka, nitapita nyumbani kwangu, nitakula tena kule, kisha nitalala shimo lile. Hesabu ya namna hiyo inaweza kwenda mizunguko miwili mitatu kabla mkono haujagusa ubao. Ukimkatiza hapo kwa salamu, inabidi aanze upya, na mwenzake anamsubiri. Ndiyo maana walinyamaza, wala hawakukuchukia.

Na hilo la kupeana mkono, baba, kwenye bao subiri. Mchezo unapoanza kila mmoja ana kete 22 za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, na wengi huzishika kiganjani. Unamtaka azimwage ili akushike mkono? Simama pembeni, mahali ambapo kivuli chako hakiangukii ubao. Ngoja kete ilale, yaani zamu iishe, ndipo useme kwa sauti ya kawaida, “Shikamooni wazee.” Salamu moja inawatosha wote. Wakiitikia, kaa. Wasipoitikia mara moja, kaa vilevile. Wataitikia zamu nyingine ikiisha.

Ukishakaa, tazama mikono yao. Ikiwa kete bado ni nyingi, mchezo ni mchanga, tafuta kigoda. Zikiwa zimekwisha na wamekwishaingia kwenye mtaji, yaani sehemu ya pili ya mchezo, huenda nafasi ikapatikana karibuni. Usiwaulize wachezaji zamu yako ni lini. Muulize aliyekaa kando akisubiri: “Nani anafuata?” Kisha mwambie utakuwa nyuma yake. Vijiwe vingi aliyefungwa anainuka na mshindi anabaki, lakini usije na sheria yako kutoka huku Kilosa. Tazama wanavyofanya wao. Hapo Mikumi kuna jambo la ziada, kwa sababu mji uko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Tunduma, na njia ya Kidatu na Ifakara inachepukia hapo hapo. Utakuta dereva wa lori ameegesha apumue, naye anaona hamu ya kucheza. Wewe unalala hapo, yeye ana safari usiku huu. Mpishe hata kama zamu ni yako. Wazee wataona, na mimi naamini hicho kitakutambulisha kwao kuliko ufundi wowote wa kete.

Sasa mdomo. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu, na naomba unisikilize. Usiseme “kula hapo.” Usigune. Usinyooshe kidole. Bao liko wazi kwa macho ya wote, kwa hiyo neno moja la mtazamaji linaweza kugeuza mchezo mzima, na aliyefungwa atajua kabisa kwamba hakufungwa na mpinzani wake, amefungwa na wewe uliyekuja jana. Utawasikia wazee wenyewe wakitupiana maneno na kejeli hadi unadhani watapigana. Usiwaige. Matani yale yamejengwa kwa miaka. Siku watakapokutania wewe, hapo umeshakaribishwa, nawe unaweza kujibu, kwa kiasi.

Nije kwenye kasino. Kule mambo yamegeuka, maana karata zinatoka kwenye sanduku na hakuna anayejua inayofuata. Wachezaji wengi wanaamini kwamba mgeni akiingia katikati anavuruga mpangilio wa karata, anawachukulia karata yao nzuri na kumwachia mgawaji iliyo bora. Anayekaa kiti cha mwisho, karibu na zamu ya mgawaji, ndiye hulaumiwa zaidi. Ukweli ni kwamba karata unayoichukua inaweza kumwokoa jirani yako sawasawa na inavyoweza kumuumiza. Ukijumlisha michezo mingi, hakuna tofauti. Nimeona watu wakigombana kwa jambo hili hadi walinzi wakaitwa. Lakini usiende pale kuwafundisha hesabu. Fedha ni yao na wasiwasi ni wao. Ngoja mzunguko uishe, karata zikusanywe, kisha uliza, “Naweza kuingia, au mnapenda nisubiri zichanganywe?” Sekunde tano tu, na utaona nyuso zinavyolegea.

Meza nyingine zina kibao kinachokataza kuingia mpaka karata zichanganywe upya. Hilo halihusu imani za watu tu. Mwaka 1962 Mmarekani Edward Thorp, mtaalamu wa hisabati, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kuishinda kasino. Tangu hapo, mtu anayesimama pembeni akitazama, kisha akakaa karata zilizobaki sandukuni zilipompa nafasi nzuri, anatiliwa shaka. Ukikuta kibao hicho, usibishane na mgawaji. Hakukiweka yeye.

Fedha usimpe mgawaji mkononi. Iweke mezani, aihesabu mbele ya kamera na kukubadilishia. Ukishaweka dau na karata ya kwanza ikatoka, usiliguse tena. Karata zikigawiwa wazi, usiziguse pia. Ukitaka nyingine, gonga meza kwa kidole. Ukitosheka, punga kiganja juu yake, kwa kuwa kamera inahitaji kuona uamuzi wako. Jirani akichukua karata akiwa na kumi na sita nawe ungeacha, nyamaza kama ulivyonyamaza kwenye bao.

Sitakukataza kwenda, wewe ni mtu mzima. Ila nilikaa upande wa pili wa meza ile, na nakuhakikishia kanuni zake zimepangwa ili kasino ipate sehemu yake mchezo ukiendelea muda mrefu. Nenda na kiasi ambacho umeshakubali moyoni kwamba hakirudi, kodi ya chumba ukiwa umeshailipa. Na huyo binamu yako anayesema atafuatana nanyi hajatimiza miaka 18, sheria hairuhusu aingie. Msimpitishe kwa ujanja. Kwenye bao la wazee usitie fedha hata mia moja, hata ukishawishiwa.

Kesho au keshokutwa rudi kwao. Wakikupa nafasi, cheza. Ukifungwa kete zikiwa bado mkononi, inuka, sema asante, mpishe anayefuata, wala usiombe marudio siku hiyo hiyo.

Ijumaa nina safari ya kuja huko kuona mbao za mlango. Nikikukuta kijiweni, usiinuke kunipokea kama zamu ni yako. Maliza kwanza.

Mjomba wako