Bajeti ya Mwezi

Lile daftari ni kaunta buku la jalada jeusi, mgongo mwekundu, kona mbili zimeliwa na mende. Nililitoa chini ya godoro msimu wa 2024 nilipokuwa natafuta risiti za zamani za korosho. Nikaketi kitandani kulisoma, adhana ya alasiri ikanikuta hapo hapo na risiti yenyewe sijaiona. Mwandiko ni wa mke wangu. Zilizonishika ni kurasa mbili: Novemba 2017 na Februari 2019. Kati yake kuna miezi kumi na mitano tu, lakini ukizisoma kwa pamoja utadhani ni za nyumba mbili zisizojuana.

Ukurasa wa kwanza una kiburi. Mchele kilo 50. Sukari kilo 10. Nyama kila Ijumaa. Nguru, akipatikana. Nazi hakuziandikia idadi; ameandika "za kutosha". Vocha, king'amuzi, petroli ya pikipiki. Chini kabisa, kama mgeni aliyekaa kizingitini: "Mama – sukari kilo 2, majani ya chai, sabuni, tambuu."

Ukurasa wa pili umejaa wino mwekundu. Mistari mingi imepigwa kwa mkono, imepinda, mingine imekatwa kisha ikarudishwa. Mmoja tu umenyooka, umepigwa kwa rula, nao umepita juu ya mstari wa mama yangu. Rula ile niliishika mimi.

Sisi ni watu wa Kilwa Kivinje, lakini riziki yetu iko bara, kwenye mikorosho aliyoiacha marehemu baba upande wa Mandawa. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, mavuno yasiyopata kuonekana kabla ya hapo, na minadani bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Mimi nilipeleka ghalani kilo 1,300. Hata baada ya makato, pesa iliyoingia kwenye akaunti yangu haikuwahi kuandikwa kwa jina la mtu yeyote wa ukoo wetu.

Basi nikapoteza akili, kwa adabu. Sikuongeza mke wala sikulewa, kama tulivyosikia visa vya wengine. Nilinunua pikipiki, friji, televisheni na king'amuzi chake, nikawahamishia watoto wawili kwenye shule ya kulipia. Kosa langu halikuwa kwenye vitu hivyo kimoja kimoja. Kosa ni kwamba korosho hulipa mara moja kwa mwaka, nami nikaanza kuishi kama mtu anayepokea mshahara kila tarehe 30. Nikajipangia bajeti ya mwezi. Neno lenyewe lilinipendeza mdomoni.

Mwaka uliofuata nilichelewa kupulizia salfa, ubwiri unga ukaingia kwenye maua, nikaokota kilo 860. Oktoba 2018 minada ilipofunguliwa wanunuzi walitaja bei za chini ya shilingi 3,000, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Barazani tulishangilia. Bei ilikuwa nzuri. Iliyokawia ni pesa. Ukaja uhakiki wa kuwatafuta watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima kwa bei ya kutupa kabla ya msimu. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba lake. Kilo zangu hazikufika huko, lakini foleni ni foleni. Desemba ikapita. Januari ikaja na ada, viatu na madaftari. Kila nikienda kuuliza naambiwa majina yanashughulikiwa.

Usiku mmoja wa Februari 2019 tukakaa mezani: mimi, mke wangu, daftari na rula.

Leo nikiutazama ukurasa ule naona mpangilio ambao usiku ule sikuuona. Tulianza na mstari wa mama. Tukaja kwenye maandazi ya watoto ya asubuhi, kisha mchango wa mazishi wa mtaa, ambao tuliupunguza kwa nusu na kujiambia kwamba hakuna atakayegundua. Nyama ya Ijumaa ikafuata. Petroli ya pikipiki ikabaki, eti ni ya kwenda shamba, wakati Februari hakuna cha kuvuna kule. King'amuzi kikabaki, kwa sababu kulikuwa na mpira. Ada ikabaki, kwa sababu watu wangesema. Tulikata kwanza kile kisichopiga kelele. Pikipiki ikikosa mafuta inazimika njiani na mtaa mzima unaona. King'amuzi kikikatwa watoto wanalia. Mama akikatiwa sukari, ananyamaza.

Hatukumwambia. Asubuhi yake aliletewa chai ya rangi kavu. Akaonja, akaitazama kidogo, akainywa yote, akarudisha kikombe na kusema, "Ahsante, mwanangu." Mke wangu alirudi jikoni akakaa muda mrefu anakwangua sufuria ambalo lilikwisha kuwa safi.

Wiki mbili tuliishi kwa bajeti yetu mpya na bado pesa ikavuja. Tarehe 18 nilirudi kutoka pwani na mfuko wa dagaa mkononi, nikilalamika mlangoni kwamba fungu la buku limekuwa si lolote. Mama alikuwa amekaa mkekani.

"Umenunua dagaa leo?"

"Ndiyo, mama."

"Mwezi una siku ngapi?"

"Leo tarehe kumi na nane."

"Sikukuuliza kalenda, baba. Toka nje utazame juu."

Nikatoka. Mbalamwezi ilikuwa imejaa juu ya minazi, nyeupe, ungeweza kuhesabu makuti. Mtoto wa pwani kama mimi, mwenye miaka arobaini, nilikuwa nimesahau kwamba dagaa ni kitoweo cha giza. Mashua zinavua kwa taa, na taa ina kazi pale tu mwezi usipokuwepo. Mwezi ukijaa wavuvi wanapumzika na dagaa kidogo aliyepo anauzwa kama dhahabu. Nilikuwa nimeandika "dagaa" kwenye kila wiki ya bajeti, kwa kiasi kile kile, kana kwamba bahari nayo inafunga hesabu mwisho wa mwezi.

Mama akatupangia upya, bila kalamu. Giza likiingia, kuleni dagaa mpaka muwachoke, na wa ziada muwaanike. Mwezi ukijaa dagaa waacheni, lakini siku hizo hizo ni bamvua: maji yanakupwa mbali, wanawake wanashuka na kapu, chaza na kaa hawana muuzaji. Katikati, siku za maji mafu, bahari haitoi cha bure wala cha rahisi, basi hizo ndizo siku za kunde, choroko na kisamvu. Nguru ni wa harusi. Ukitaka samaki wa kununua, usiende asubuhi na wenye mahoteli. Nenda jioni muuzaji anapotaka kwenda kusali.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekwenda zake, nilimwona akishuka pwani na fimbo yake, mke wangu nyuma na kapu, na watoto wawili ambao Jumatatu ile walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mama mwenyewe hakuinama sana, umri ulikwisha kumkataza. Alisimama kwenye tope akinyoosha fimbo: pale, na pale, chini ya mzizi ule wa mkoko. Walirudi na kapu zito kuliko mfuko wangu wowote wa dagaa.

Somo la nazi ndilo lililomwingia mke wangu zaidi. Enzi za nazi "za kutosha" tulikuna mbili kwa chakula kimoja, tukakamua mara moja, machicha wakatupiwa kuku. Mama alivuta mbuzi, akakaa, akakuna moja kwa mwendo wake wa polepole, akiishia pale nyama nyeupe inapoanza kugusana na kifuu. Akakamua kwenye kifumbu kwa maji kidogo ya vuguvugu. Tui la kwanza, zito, akaliweka kando: hilo linaingia mwisho, chungu kikikaribia kuteremshwa. Akatia maji tena. Tui la pili ndilo lililochemsha mboga. Akakamua mara ya tatu, maji yametoka meupe kama ya kuoshea mchele, akayatia kwenye ugali wa muhogo. Machicha yaliyobaki akayakaanga na kitunguu na pilipili, na watoto wakagombania. Nazi moja, chakula cha watu sita. Mke wangu aliniambia usiku ule, "Tulikata asiyestahili kukatwa."

Tungejua tungemuuliza mapema, maana mama hakuwa mwanafunzi wa shida. Alikuwa mke kijana mwaka 1974 walipohamishiwa kijijini katika Operesheni Vijiji na mikorosho ikabaki mbali, nyasi zikaifunika. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imeuza korosho karibu tani 145,000. Kufika katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata 20,000. Katikati hapo vikapita vita vya Kagera na miaka ya foleni baada yake. Mama amefulia majani ya mpapai sabuni ilipopotea. Amepika unga wa njano ulioitwa Yanga. Amewapeleka watoto porini kuchimba ming'oko, wakaila na chumvi na ndimu, na hakuna aliyekumbuka baadaye kwamba ile ilikuwa njaa. Mimi mwenyewe naikumbuka kama matembezi. Mtu huyo alikuwa anakaa chumba cha uani, hatua kumi kutoka mezani petu, tukamwandika kama tumizi.

Liko jambo jingine aliloturudi nalo, na hilo bado linaniuma. Tangu Februari tulikuwa tumeanza kula mlango umefungwa. Kwetu Kivinje ukila mlango unaachwa wazi. Anayepita husema hodi nawe husema karibu, na mara nyingi hata hakai. Sisi tuliona haya ya sahani, na pia, nikisema kweli, tuliogopa atakayekaa. Mama alivumilia siku kadhaa, kisha jioni moja akainuka na kuufungua mwenyewe.

"Mlango huu mkiufunga," alisema, "na wao watafunga yao. Nyie mnadhani tulipita miaka ile kwa ujanja wangu wa nazi?"

Hakueleza zaidi. Lakini siku ya tatu sahani ya mihogo ilikuja kutoka nyumba ya pili, na kesho yake sahani ile ilirudi na chaza. Mchango wa mazishi tuliurudisha kamili wiki hiyo hiyo. Kilichofidia ni king'amuzi, na ikawa mpira nautazama barazani kwa watu, kama zamani, tena kwa raha zaidi.

Pikipiki niliiuza mwezi wa tatu, kwa hasara. Watoto walirudi shule ya serikali, ambako ada ilikuwa imefutwa, na aliyesema alisema wiki moja akachoka. Pesa ya korosho iliingia Aprili, kabla ya Ramadhani. Nusu yake ilikwisha kwenye madeni siku ile ile. Iliyobaki tukaigawa kwa miezi kumi na miwili, mwezi wa angani na wa ukutani yote miwili ikiwa kwenye hesabu, na kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa kilo mbili za sukari. Nikampelekea mwenyewe, kwa mikono miwili.

Alizipokea kwa heshima yake yote. Akaniombea dua. Jioni nikaona chai yake iko vile vile, kavu.

"Mama, sukari si ipo?"

"Nimeshazoea, mwanangu. Sasa ikiwa tamu naiona ngeni."

Nilidhani ni hasira, nikangoja ipite. Haikuwa hasira, na haijapita. Msimu wa 2024 bei minadani ilirudi kupita shilingi 4,000, mvuno wangu ulikuwa wa kuridhisha, na mke wangu sasa hutazama juu kabla ya kushuka pwani na kikapu. Vitu vingi tulivyovikata vimerudi, nyama ya Ijumaa imo. Mstari wa mama nimeuandika juu kabisa ya ukurasa, kilo mbili zile zile, na kila mwezi zinanunuliwa. Anazitia kwenye kopo lake la bati na kulifunika, na linalofungua kopo lile ni hodi ya mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba.

Chai yake ya asubuhi nampelekea mimi. Huwa natangulia na kijiko cha sukari, huwa anakiona kinakuja, naye huweka kiganja juu ya kikombe.